Moja Nukta Tatu

Kisima kilikuwa kikavu.
Redio ilisema hivyo, kati ya bei ya korosho na matangazo ya vifo.
Mitambo ikang'olewa, meli ikaenda zake,
wakubwa wakapeana mikono uwanjani Manda.

Tope halikupanda ndege.
Tope lilishushwa Mokowe usiku, makasha mia mbili na kumi,
likaletwa huku nyuma ya Hindi, ndani ya ua wa seng'enge,
jeusi, zito, lanuka dizeli na kitu kingine
ambacho mama hakukipatia jina
alipolishika buibui langu kwa vidole viwili
akalianika peke yake, mbali na nguo za watu.

Nchi ilitobolewa, ikajibu hapana.
Hiyo hapana ndiyo kazi yangu.

Mimi Somoe binti Shebwana, mpimaji wa marundo,
mkataba miezi minane, buti za mpira namba arubaini,
mguu wangu thelathini na saba.
Asubuhi twageuza: Avogo mbele, Lali nyuma,
na tingatinga, siku likiamka zima.
Twachanganya tope na makumbi yaliyochambuliwa
na mavi ya punda, naam, punda wa Lamu mjini,
yanayozolewa vichochoroni
yakavushwa kwa magunia kama sukari.
Kisha maji, kiasi. Kisha hewa.
Kisha kungoja.

Kwani wanaoyala mafuta si sisi.
Ni viumbe wasioonekana, hawana meno, hawana mkataba.
Ukiwanyima hewa, wanalala.
Ukiwazidishia maji, wanakufa.
Ukiwatunza, rundo lapata joto:
alfajiri moja nilitia mkono ndani
nikaukuta mgongo wa mtoto mwenye homa.

Shangazi Mwanamize alikuwa akipika mafuta ya nazi.
"Mwayatoaye mafuta mtangani?"
Nikamweleza mashine ya kuzungusha, ile ya mwanzo,
inayokamua kilicho kingi, sisi tukaletewa mabaki.
Akacheka, akakoroga sufuria.
"Tui lawata mafuta kwa moto.
Lakini chicha, mwanangu, chicha haiwati yote.
Ndipo kuku wakaipenda."

Mwezi wa kwanza: kumi na moja kwa mia.
Wa tatu: sita.
Wa tano mvua ilipasua turubai la rundo la nne,
maji yakashika njia ya malishoni.
Avogo alilala mtaroni na mifuko ya mchanga, yeye mwenyewe mfuko,
na ng'ombe wa watu wakakaa siku tisa
wakilitazama bwawa lao kwa mbali.
Ripoti ya mwezi ule ilisema: mvua ya kutosha.
Daftari langu lilisema mengine.
Wa nane: moja nukta tatu.

Mkataba unataka moja.

Bwana Kirwa si mtu mbaya.
Amechoka, ana picha ya wanawe kando ya kompyuta.
"Somoe, nukta tatu ni nini? Ni vumbi kwenye mizani.
Ijumaa tunafunga." Akanipa kalamu yake,
ya wino wa bluu, nzito kuliko niliyoizoea.

Chuoni nilichapwa kwa ajili ya nukta.
Moja chini, ni be. Mbili juu, ni te.
Ukiila, alisema mwalimu, umekula neno la watu,
na neno likiliwa halirudi lilivyokuwa.

Dirishani kwangu kuna kopo la maziwa
lenye udongo wa rundo la nne na kunde kumi.
Nane zimeota. Mojawapo ni ya manjano,
imeinama kama anayetafuta sindano.

Nimeandika moja.
Nimeandika nukta.
Nimeandika tatu, nikaikoleza.
Kalamu nimemrudishia mwenyewe.

Leo Ijumaa. Lali ameshakunja godoro.
Rundo bado lina joto, nimeligusa sasa hivi,
na wale wasio na mkataba wangali wanakula.
Jumatatu watataka hewa.
Jembe nimelificha nyuma ya tangi.